Bi Tatu na Sahani Zisizorudi

Ukitaka kujua nyumba ya Bi Tatu iko wapi, usiulize namba, utapotezwa na wenye haraka zao. Shuka Kariakoo, ingia Mtaa wa Narung'ombe, pita chini ya yale maghorofa ya vioo, halafu tembea taratibu kama mtu mwenye njaa. Kuna sauti itakuita, "Karibu!" Simama hapo hapo. Umefika.

Sauti hiyo naijua tangu mimi na yeye tuna meno yetu yote. Ni kubwa kuliko mwenyewe. Siku moja Bi Tatu alikuwa barazani anakula muhogo wa kuchoma, akapita muuza ndoo, akamwambia, "Karibu tule!" Basi mtu mmoja aliyekuwa anavuka barabara kule Magomeni akageuka akajibu, "Ahsante mama, nimeshiba." Mnaona naongeza chumvi? Nendeni Magomeni mkaulize.

Sasa sisi watu wa pwani, tusidanganyane, karibu yetu mara nyingi ni ya mdomoni. Mtu anakula, anakuona, anakukaribisha, nawe unajibu, "Ahsante, starehe," kila mmoja anashika njia yake na chakula kinabaki salama. Ole wako ukae kweli, utatazamwa mpaka tonge likukwame. Bi Tatu karibu ya namna hiyo hakuwahi kuijua. Akisema karibu, mguu wake umeshasukuma kigoda kije upande wako, na mkono umeshamega kipande. Wapagazi wa mikokoteni wanaopita na marobota ya mitumba wanajua kwamba pale barazani kuna mtungi wa maji na kata, na hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Asubuhi anauza vitumbua. Anauza, nasema, lakini ukimtazama vizuri utaona anagawa kuliko anavyouza.

Kuna mwizi aliruka ukuta wa uani siku ya Ijumaa, saa ya swala, wanaume wote wako msikitini. Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Hakupiga yowe. Alisema, "Karibu baba. Mbona umepitia juu? Mlango uko wazi." Yule kijana akachanganyikiwa, akajikuta anasema shikamoo. Akaletewa wali na mchicha. Akala, akaosha sahani, akatokea mlangoni kama watu. Wengine wanasema aliacha bisibisi yake kwa aibu. Mimi nasema aliacha bisibisi na nyundo, na kabla hajaondoka alikaza bawaba za milango yote. Mpaka leo mlango wa chooni haulii.

Nyumba yenyewe ni ya chini, ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Aliachiwa na baba yake, marehemu Mzee Mrisho. Maghorofa yameizunguka yanaichungulia, yeye hana habari nayo. Mimi nakaa nyumba ya jirani, lakini nguo zangu nyingi zinakaukia kwake. Chumba cha pili anakaa Nasreen, mshona madera, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi unaokata vizuri kuliko mkasi wake. Na fremu ya mbele, inayotazama barabara, ni duka la Gaudens, mtu wa Rombo. Kama walivyo wenye maduka wote wa kutoka Kilimanjaro, hakuna anayemwita jina lake. Tunamwita Mangi, kama mfalme, na mwenyewe anaitika huku anapima sukari.

Mwaka juzi, Krismasi ilipokaribia, Mangi alifunga duka akapanda kwao mlimani. Wote hufanya hivyo, Kariakoo inabaki kama mdomo ulioota mapengo. Aliporudi hakurudi peke yake. Alirudi na mke, akamweka chumba cha nyuma ya duka.

Jina lake Theopista. Mrefu, mpole, ana sauti ndogo kama ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Akasalimia kila mtu kwa zamu, mpaka paka. Na kila akitaka kupita kwenda uani kuteka maji, anasimama mwisho wa ukumbi anasema, "Hodi?"

Bi Tatu akamwambia, "Mwanangu, hodi ya nini? Hodi ni ya mgeni na ya mjumbe wa mtaa. Wewe ni wa humu. Pita kama huyo paka, hata usitutazame."

"Haya, Bi Tatu. Ahsante."

Asubuhi yake, "Hodi?"

Hakuwa anakataa kufundishwa, hapana. Ni kwamba moyo wake ulikuwa bado umesimama mlangoni na begi mkononi.

Bi Tatu akamshughulikia kama anavyoshughulikia unga wa vitumbua, polepole, bila kuupigia kelele uumuke. Jumapili ya kwanza alimgongea mlango mapema kuliko jogoo. "Theopista! Amka, kanisa halitakuja humu chumbani! Kule Msimbazi watu wameshajaa!" Msichana akatoka anafunga kilemba, macho nusu. Jirani mmoja akashangaa, akamuuliza Bi Tatu inakuwaje mtu wa swala tano anawaamshia watu misa. Akajibu, "Mimi ningependa nikiwa mgeni kwao Rombo mtu aniamshe alfajiri niswali. Au wewe ungependa nilale?"

Basi ukaingia mfungo wa Ramadhani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bi Tatu akipika futari hapikii nyumba, anapikia mtaa. Magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga wa kuamsha maiti. Kabla ya magharibi, kila chumba kinapelekewa sahani, imefunikwa kawa. Chumba cha Theopista kikapelekewa pia, tena cha kwanza. Theopista akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema kwa kikwao, "Aika," yaani ahsante. Bi Tatu akaipenda sana hiyo aika. Siku zile alikuwa anaitumia hata kwa konda wa daladala.

Sasa desturi yetu mnaijua. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Huna kitu, weka hata embe, hata ndimu mbili, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Sahani ya Theopista ya siku ya kwanza haikurudi. Ya siku ya pili ikaifuata mwenzake. Ya tatu vilevile. Kila siku sahani inaingia chumba kile imejaa na hatuioni tena, kama watu wanaokwenda Ulaya.

Bi Tatu akaendelea kupakua. Sahani zake zilipoanza kupungua kabatini, akapakulia kwenye vifuniko vya masufuria. Vifuniko vilipokwisha, akaazima kwa majirani, na za majirani nazo zikaingia chumbani humo humo. Ilifika mahali Narung'ombe nzima hakuna sahani. Mimi nilifuturia tambi kwenye ungo, naapa, na uji ukanifikia ukiwa kwenye birika. Upande wa Aggrey, nasikia, kuna familia ilikula moja kwa moja juu ya meza.

Nasreen ndiye aliyeumia kuliko wote, maana katika zile za kuazimwa kulikuwa na sahani yake ya maua ya waridi, ya harusi yake, aliyokuwa akiitoa siku ya Idi tu. Akaanza kusema. Hakusema na Theopista, alisema na mashine yake ya kushonea, kwa sauti ya kusikika mpaka kule Feri.

"Wewe cherehani, humu ndani kuna chumba kama mochwari. Vinaingia, havitoki."

Siku nyingine akavaa kanga yenye maneno, akapita nayo ukumbini, akarudi, akapita tena, kiuno kinatangulia. Mimi kusoma sijui, lakini kanga naisoma kwa mwendo wa aliyeivaa. Ile ilikuwa tusi kubwa. Kwetu mwanamke akivaliwa kanga kama ile anajifungia ndani akalia, au anatoka akanunua kali zaidi. Theopista alikuwa anafua. Akainua uso, akatabasamu vizuri kabisa, akasema:

"Dada Nasreen, hiyo kanga yako imekupendeza! Umeinunua wapi?"

Bi Tatu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nasreen akaingia chumbani na kubamiza mlango, na tangu hapo akafunga na salamu. Wanawake wengine wa uani wakamfuata. Theopista akifika bombani, maongezi yanakatika. Akisema hodi, anajibiwa na ndoo.

Mimi nilimkuta Bi Tatu siku hizo anakawia juu ya msala baada ya adhuhuri. Nikamuuliza, "Shoga, unamwomba Mungu nini kirefu hivyo?"

"Namwomba ampe Nasreen kidonda cha ulimi. Kidogo tu, cha siku mbili."

"Na Theopista?"

Akakunja msala. "Huyo simwombei kitu. Huyo Mungu ndiye aliyemleta, akamweka mlangoni kwangu. Kilichobaki ni kazi yangu."

Ikafika siku ambayo jioni yake tungetazama mwezi. Asubuhi Mangi alikuja uani, jambo ambalo halijawahi kutokea, maana mtu yule akiacha duka lake hata kwa kukohoa anaona limeibiwa.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, Mangi. Mbona uso umeukunja kama wewe ndiye uliyefunga?"

"Mke wangu anarudi kwao."

"Anaenda kusalimia?"

"Anarudi, Bi Tatu. Harudi tena huku. Kesho alfajiri, tiketi ya basi anayo. Anasema humu ndani hatakiwi, na mimi niko dukani kutwa, hana wa kuongea naye." Akafuta uso kwa aproni. "Mambo ya sahani, mimi sijui hata yalianzaje."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia asubiri nifunge duka tuongee."

"Ulimwambia lini?"

Mangi akatazama miguu yake. "Jumanne."

"Leo Alhamisi! Hilo duka lako linafungwa kiyama?" Bi Tatu akashusha pumzi. "Rudi ukauze. Na usimwambie kwamba umeniambia."

Alipoondoka, Bi Tatu akaniuliza, "Shoga, una kazi?"

"Nina kazi ya kusubiri magharibi."

"Njoo tuisubirie ukumbini."

Akatandika mkeka mbele ya mlango wa Theopista, akaumwaga mchele kwenye ungo, tukaanza kuchambua. Yaani mtu asingeweza kutoka chumba kile bila kutukanyaga. Nikamwambia mchele ule ni msafi, tumeuchambua jana. Akaniambia ninyamaze, nichambue.

Baada ya alasiri mlango ukafunguka. Theopista akatokea amebeba mlima wa sahani, umefunikwa kwa kitenge, kidevu chake kimeushikilia kwa juu. Nyuma yake begi limefungwa, liko juu ya kitanda. Akatuona, akasita.

"Hodi," akasema.

Jamani! Hodi, na anatoka chumbani kwake mwenyewe!

"Karibu," akajibu Bi Tatu, bila kucheka.

"Shikamoo. Nimeleta sahani zako, Bi Tatu. Nimezisugua zote."

Na kweli zilisuguliwa. Ungeweza kujipaka wanja kwa kujitazamia humo. Sahani zilipogusa sakafu, Nasreen alikuwa ameshafika, sijui aliruka vipi. "Ya maua iko wapi? Sahani yangu ya maua!"

Bi Tatu akainua sahani ya juu, akaigeuza, akairudisha. "Hizi si zangu."

"Si zako?" Theopista akashangaa.

"Zangu zilikuja kwako zimejaa. Hizi tupu. Sizitambui. Zirudishe ndani."

Yule msichana akavuta kitenge, akazifunika tena sahani. "Bi Tatu, sina cha kuweka."

"We, mke wa Mangi!" Nasreen akadakia. "Duka zima liko hapo mbele, unakosa hata kiberiti?"

Hapo ndipo sauti ile ndogo ilipotoka ndani ya mto wake wa kulalia.

"Kiberiti si chakula, Dada Nasreen! Mtu amenipikia kwa mkono wake kila siku, nimrudishie kiberiti cha dukani? Sikulelewa hivyo. Alichokipika mtu unamrudishia ulichokipika. Na mimi nikipika, nani humu atakula? Sisi nyama yetu bucha lake si lenu. Masufuria yangu hamjui yamepikiwa nini. Kila siku nasema kesho nitapata la kufanya, kesho nitapata. Sahani zinaongezeka, aibu inaongezeka. Nikaona bora niondoke."

Nikaacha kuchambua mchele. Kumbe mwezi mzima sisi tunadhani mtu hajui desturi, na yeye desturi ndiyo iliyomfunga pumzi.

Lakini Nasreen mdomo wake haujui kushuka kituo. "Kwani masufuria yenyewe yamepikiwa nini? Nguruwe? Kitimoto?"

"Nasreen!" nikamkemea, ingawa na mimi nilikuwa natamani kuuliza hilo hilo.

Theopista aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na sufuria mpya, iko ndani ya nailoni yake, karatasi ya kiwandani imebandikwa ubavuni.

"Hii haijaona moto. Siku mwezi ulipoandama nilimwambia Gaudens anitolee dukani. Nilisema itakuwa ya kuwapikia ninyi tu, haitaguswa na kingine. Halafu nikaogopa."

Nasreen alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya neno jingine. Akaufunga. Mimi nimeishi sana na sijawahi kuona jambo kama hilo.

Bi Tatu akaipokea ile sufuria, akaiweka mapajani kama mtoto mchanga. Akasema, "Mwanangu, nikuulize. Kwenu ndizi inachinjwa?"

"Ndizi?"

"Ndizi. Inalazwa ikaelekezwa kibla, inasomewa, inakatwa koo?"

Theopista akamtazama. Kisha kikatoka kicheko, kumbe alikuwa nacho, kicheko kinene cha mlimani, tukashtuka wote.

"Haichinjwi, Bi Tatu."

"Basi tupikie ndizi. Mtori wenu ule ninaousikia. Usitie nyama."

"Nyama mimi mwenyewe siili mpaka Pasaka. Ni Kwaresima."

"Kwaresima! Kumbe na wewe umefunga, hukusema!" Bi Tatu akapiga magoti yake kwa viganja. "Tumefunga wote humu ndani, halafu tunanuniana. Huko juu wanatutazama hata hawajui wacheke au walie. Nasreen! Nenda sokoni kalete ndizi mshare. Chagua zilizokomaa."

"Mimi?"

"Wewe. Miguu yako imepumzika mwezi mzima. Kilichofanya kazi ni ulimi."

Akaenda. Nasema akaenda, na kitambaa cha watu kiko kwenye cherehani.

Uani pakawaka majiko. Theopista akamenya ndizi haraka kuliko mtu anavyohesabu, akazitia kwenye sufuria mpya, akakata vitunguu, akamimina maziwa. Bi Tatu, ambaye hajawahi kuona jiko akapita bila kulichungulia, akaja na bakuli la tui.

"Tia na nazi kidogo, mwanangu."

"Mtori hautiwi nazi, Bi Tatu."

"Kidogo tu. Hapa Kariakoo hata dawa ya malaria tungeitia nazi."

"Hautiwi."

"Kijiko kimoja, tena hakijai."

"Bi Tatu!" Theopista akasimama na mwiko mkononi, jasho linamtoka, kilemba kimekwenda upande. "Ondoka hapa jikoni! Nenda kakae!"

Mwenye nyumba anafukuzwa jikoni kwake. Theopista mwenyewe akaganda, mwiko juu, akijisikia alichosema.

Bi Tatu akageuka, akaja akakaa pembeni yangu na bakuli lake la tui. Uso unamng'aa kama aliyeona mwezi kabla ya shehe. Akaninong'oneza, "Umesikia? Kanifukuza. Mgeni hafukuzi mtu jikoni."

Halafu ndipo jambo la chumvi likatokea. Nasreen naye alikuwa na chungu chake cha mbaazi za nazi jiko la pili, anakitazama kwa mashaka. Sisi tuliofunga hatuonji. Mwezi mzima tunatia chumvi kwa kubahatisha, leo shubiri, kesho maji matupu. Mbaazi za Nasreen za wiki ile, nikilamba kidole mpaka leo naonja chumvi yake.

Bi Tatu akapiga paji la uso wake. "Wajinga sisi! Tunakula chumvi ya kupiga ramli na muonjaji tunaye ndani, kwao mfungo ni wa nyama tu! Theopista, njoo uonje mbaazi za mwenzako."

Theopista akamtazama Nasreen. Nasreen akatazama chungu. Kisha akachota kidogo kwa upawa, akapuliza ipoe, akamnyooshea mwenyewe.

"Onja basi. Useme kweli."

Theopista akaonja. Akafumba macho. "Dada... ukitia tena chumvi hata punje, bahari itakuja kudai."

Nilisikia Nasreen anacheka, nikatafuta ni nani. Kabla ya magharibi kila chungu cha nyumba ile kilikuwa kimepita mbele ya Theopista, na vya nyumba za jirani vikaanza kuletwa. Alikwenda huku na huku, kutoka uani kwenda ukumbini na kurudi, na sikusikia hodi hata moja.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na maji. Katikati ya mkeka pakawekwa mtori, umepakuliwa kwenye sahani ile ya maua ya waridi, unatoa moshi. Theopista hakukaa. Alisimama mlangoni amekumbatia mikono, na Mangi, aliyefunga duka mapema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, amesimama nyuma yake. Begi bado lilikuwa juu ya kitanda. Kila mtu alijua liko pale.

Mimi njaa iliniuma, mkono wangu ukajinyoosha wenyewe. Bi Tatu akaupiga kofi.

"Shoga, tumbo linatuuma mimi na wewe," akasema.

"Langu haliniumi."

"Linakuuma."

Nikaelewa, nikashika tumbo langu, nikaguna. Bi Tatu angeweza kula wa kwanza, na angeusifu mtori ule mpaka ukaona haya. Lakini hilo lingekuwa karibu yake mwenyewe, ambayo Theopista alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Ile iliyokosekana ilikuwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amekaa anavutavuta pindo la dera lake.

Sahani ikatoa moshi. Mangi akameza mate, ikasikika.

Nasreen akasogea. Akasema bismillahi, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya wote kusikia. Akachota, akala. Akachota tena.

"Humu umetia nini?"

"Ndizi, maziwa na kitunguu."

"Muongo. Na nini?"

"Basi."

Nasreen akachota mara ya tatu, akavuta sahani karibu na goti lake, akasogea upande mmoja wa mkeka, akapiga kiganja pale palipobaki wazi.

"Njoo ukae hapa, wifi yangu, unieleze polepole. Umesimama mlangoni kama mtu wa kuandikisha sensa."

Theopista akaja akakaa. Hapo tumbo langu likapona. Na nje watoto wakaanza kupiga kelele kwamba mwezi umeonekana.

Basi la alfajiri liliondoka, na kiti cha Theopista, kama si uongo wangu, kilikwenda kitupu mpaka Rombo, na dereva kila kituo anakigeukia anashangaa. Theopista siku hiyo alikuwa uani anaosha masufuria ya Idi na kumfundisha Nasreen kusema aika. Sahani zilirudi kwa wenyewe, kila moja na kitu chake, na Narung'ombe nzima ikaacha kula kwenye vifuniko.

Jambo moja tu halijaisha. Ile sufuria mpya. Bi Tatu aliichukua jioni ile, akaiosha, akaiweka kabatini kwake. Kila baada ya muda Theopista anamkuta barazani.

"Bi Tatu, naomba sufuria yangu."

"Nitairudisha, mwanangu. Siwezi kuirudisha tupu. Natafuta cha kutia."

"Tia hata magimbi."

"Magimbi hayatoshi kwa sufuria ile. Bado natafuta."

Theopista anamsonya, anapita kwenda ndani bila hodi. Bi Tatu anamsindikiza kwa macho, kisha anarudi kwenye vitumbua vyake na kumwita anayepita. Mimi nimeshachungulia kabati. Sufuria ipo, inang'aa, na Bi Tatu hana mpango wa kutafuta kitu chochote.